UZI: Kukinga titani Ti-6Al-4V isilike na isiungue kwa tabaka la leza – poda, vipimo, na mahali kazi inapoharibikia

#1 Fuawe

Salaam wakuu.

Swali la titani limejirudia humu mara nyingi na majibu yametawanyika kwenye nyuzi tofauti. Nafungua uzi huu tuyakusanye. Nitasimama kwenye Ti-6Al-4V, yaani daraja la 5, aloi yenye asilimia 6 ya alumini na 4 ya vanadi, kwa kuwa ndiyo inayokutwa zaidi kwenye vipuri vya ndege, pampu na vipandikizi vya mifupa.

Sifa zake zinajulikana: gramu 4.43 kwa sentimita moja ya ujazo, nguvu ya kuvutwa karibu 900 hadi 1000 MPa, na maji ya bahari hayaigusi. Udhaifu wake uko sehemu mbili.

Kwanza, haivumilii kusuguana. Gamba la oksidi linaloilinda lina unene wa nanomita chache tu. Likichanika chini ya mzigo, metali tupu inakutana na metali tupu, zinashikana, kisha kipande kinang'oka upande mmoja na kugandia upande wa pili. Hiyo ndiyo tunaiita kulana. Boliti ya titani ikikazwa kavu kwenye nati ya titani inaweza kunasa isifunguke tena. Wala ugumu wake si mdogo, ni 330 hadi 350 Vickers. Chuma cha ugumu huo huo hakilani namna hiyo. Vichwa vya nyonga bandia vya aloi hii viliwahi kutumika na vikaachwa kwa sababu hiyo: vililika na kujaza unga mweusi kwenye nyama zinazozunguka kiungo.

Pili, moto. Kwa kazi ya muda mrefu Ti-6Al-4V huishia karibu 400°C. Ukivuka 550 hadi 600°C gamba la oksidi linakua nene, linapasuka na kubanduka. Baya zaidi halionekani kwa nje: oksijeni inazama ndani ya metali yenyewe na kuifanya ngozi ya juu iwe kama kioo. Ukikunja kipande hicho, nyufa zinaanzia kwenye ngozi hiyo.

Kwa nini leza? Tabaka linalowekwa kwa mvuke ndani ya ombwe lina mikroni 2 hadi 5 tu. Mzigo ukiwa mkubwa metali iliyo chini inabonyea na tabaka linavunjika kama ganda la yai lililowekwa juu ya godoro. Tabaka la kupuliziwa kwa moto ni nene lakini limejishikiza tu kwenye mikwaruzo ya uso. Leza inayeyusha poda pamoja na ngozi nyembamba ya metali mama, kwa hiyo unapata milimita 0.3 hadi 1.5 iliyoungana kabisa na kipuri.

Ila shikeni jambo moja kabla ya yote: titani iliyoyeyuka inakula kila inachokutana nacho. Oksijeni, nitrojeni, kaboni, boroni, silikoni, nikeli, vyote vinaingia na kuungana nayo. Usiichukulie titani kama meza unayotandikia kitambaa. Ni kiungo kimojawapo cha mchuzi wenyewe. Kila kosa nitakalolitaja hapa chini linatokana na kusahau hilo.

#2 Tanuri

Mkuu Fuawe, shukrani kwa uzi. Swali langu ni la moja kwa moja. Kwenye shafti za chuma tumezoea poda ya NiCrBSi (aloi ya nikeli, kromi, boroni na silikoni) iliyochanganywa na kabidi ya tangsteni, WC. Inapatikana, inatiririka vizuri, na ugumu wake hauna ubishi. Kwa nini isihamishiwe kwenye titani ilivyo?

#3 BintiMetali

Ngoja nijibu hili maana ndilo kosa linaloharibu kazi nyingi kuliko yote.

Nikeli na titani zikiyeyuka pamoja zinazaa Ti2Ni na NiTi. Ti2Ni ndiyo ya kuogopa: ni ngumu, ni dhaifu kwa kupasuka, na mchanganyiko wa titani na nikeli una kiwango cha kuyeyuka cha chini kabisa, 942°C, wakati titani yenyewe huyeyuka 1668°C. Maana yake utando mwembamba wa mpakani unabaki kimiminika wakati pande zote mbili zimeshaganda na zinavutana. Hapo ufa unapita kama kisu kwenye siagi.

Halafu kuna kutanuka. Ti-6Al-4V hutanuka karibu sehemu 9 kwa milioni za urefu wake kwa kila digrii; aloi ya nikeli ni 13 hadi 14. Chukua tofauti ya 4.5, ipoze kwa digrii 600: mkazo wa urefu ni 0.0027. Zidisha na moduli ya unyumbufu ya GPa 200, unapata MPa 540. Ukihesabu kwamba tabaka limevutwa pande mbili kwa wakati mmoja inafika karibu MPa 770. Tabaka lenye kabidi nyingi halivumilii hilo.

Na WC yenyewe? Uzito wake ni gramu 15.6 kwa sentimita ya ujazo. Ndani ya dimbwi la titani inazama hadi chini, kwa hiyo sehemu ngumu inakuwa chini na uso unaosuguana unabaki laini. Tena haibaki WC: titani inainyang'anya kaboni, inatengeneza TiC (kabidi ya titani), na tangsteni inabaki ikiyeyuka kwenye titani. Umelipia poda ghali ili upate TiC kwa njia ya mzunguko.

Sisemi NiCrBSi haiwezekani. Inawezekana ukidhibiti kiasi cha metali mama kinachoingia kwenye tabaka kisizidi asilimia 10, na ukiwa na kipasha joto. Ila kwa anayeanza, dada yenu nashauri: tumia tabaka ambalo msingi wake ni titani yenyewe.

#4 Fuawe

Nakazia alichosema BintiMetali. Hizi ndizo poda ninazozipa nafasi ya kwanza kwa kazi ya kusuguana:

Poda ya Ti-6Al-4V asilimia 70 hadi 80 kwa uzito, pamoja na TiC asilimia 20 hadi 30. TiC ina uzito wa 4.93, karibu sawa na titani, kwa hiyo haizami wala haielei. Asilimia 30 kwa uzito ni karibu 28 kwa ujazo, ndiyo maana hesabu ni rahisi. Ukipita 40 nyufa zinaanza kuwa jambo la kawaida.

Au unaacha chembe ngumu zizaliwe ndani ya dimbwi. Kabidi ya boroni, B4C, ikikutana na titani iliyoyeyuka: 5Ti + B4C inatoa 4TiB + TiC. Gramu moja ya B4C inakula gramu 4.33 za titani. Kwa hiyo ukiweka asilimia 5 tu ya B4C, na yote ikaungana, tabaka lako lina karibu asilimia 27 ya chembe ngumu. Watu wanaona 5 ni ndogo, wanapandisha hadi 15, halafu wanashangaa tabaka limepasuka kama matope ya mtoni wakati wa kiangazi. Anza na 3, panda hadi 5, pima, ndipo uendelee.

Uzuri wa TiB (boridi ya titani) ni kwamba inaota kama sindano na inatanuka karibu sawa na titani. Mpaka kati ya sindano na metali unakuwa safi kwa sababu imezaliwa humo humo, haikutoka nje na uchafu wake.

Ugumu wa kutarajia kwa tabaka zuri ni Vickers 600 hadi 900. Anayetafuta 1500 kwa kusuguana tu ajiulize kwanza kwa nini. Tabaka la 700 lisilo na ufa linaishi muda mrefu kuliko la 1400 lenye ufa, maana chembe inayomomoka kwenye ufa inageuka msasa na kulima pande zote mbili.

#5 Kokotoa

Naongeza hesabu ya mashine, ili mtu asibahatishe.

Leza ya faiba, mawimbi ya nanomita 1070, doa la mm 3. Pa kuanzia: wati 1500, mwendo mm 8 kwa sekunde, poda gramu 6 kwa dakika. Nishati kwa eneo ni wati gawanya kwa mwendo mara kipenyo: 1500 / (8 × 3) = jouli 62.5 kwa milimita ya mraba. Ukienda chini ya 35 hivi poda ya juu inayeyuka lakini metali mama haiguswi sawasawa, na tabaka linabanduka. Ukipita 90 unachimba shimo na kuyeyusha TiC yote.

Unene sasa. Gramu 6 kwa dakika ni 0.1 kwa sekunde; kwa mwendo wa mm 8 ni gramu 0.0125 kwa kila milimita. Tuseme asilimia 60 inaingia kwenye dimbwi na iliyobaki inaruka pembeni: 0.0075. Gawanya kwa 0.0045, uzito wa milimita moja ya ujazo, unapata eneo la mm² 1.67. Mshono wenye upana wa mm 3 na mgongo wa mviringo unakuwa na kimo cha karibu mm 0.8. Ukipima ukakuta 0.5, poda haifiki; angalia umbali wa pua kabla ya kugusa kitu kingine.

Metali mama iliyoingia: kata mshono, pima eneo lililo chini ya mstari wa uso wa zamani, gawanya kwa eneo lote. Chini ikiwa 0.30 na juu 1.67, ni 0.30 / 1.97, asilimia 15. Kwa poda ya msingi wa titani, 10 hadi 25 ni salama.

Mshono wa pili uusogeze mm 1.8, ili upandane na wa kwanza kwa asilimia 40. Ukisogeza mm 2.5 unaacha mabonde, na mabonde hayo ndiyo yatakayoamua utasaga kiasi gani.

#6 Msasa

Vipimo vyote hivyo havina kazi kama usafi na hewa havijakaa sawa. Mimi naona hapa ndipo pa kukaa muda mrefu zaidi.

Uso: usugue kwa msasa namba 400 au upulize kwa chembe za alumina hadi mng'ao wa zamani uishe. Futa kwa asetoni, kisha ethanoli, kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Usitumie viyeyusho vyenye klorini. Vaa glavu safi kuanzia hapo, kwa sababu chumvi ya jasho kwenye titani ya moto inaanzisha nyufa za kutu. Brashi ya waya iliyowahi kugusa chuma isiingie kabisa kwenye meza hiyo.

Poda: ikaushe 100 hadi 120°C kwa saa 2, ndani ya ombwe au agoni. Unyevu unageuka haidrojeni ndani ya dimbwi, na haidrojeni ni vitundu. Chembe ziwe mikroni 45 hadi 150. B4C nzuri ni ile laini sana, lakini laini haitiririki, inaganda kwenye mrija. Dawa yake ni kuizungusha taratibu kwenye pipa pamoja na poda kubwa ya titani kwa saa kadhaa hadi ishikamane na uso wa chembe kubwa. Usizungushe kwa kasi ya kusaga, utabonda chembe za mviringo ziwe vibapa.

Anayepaka poda kabla kwa gundi ya PVA: mmumunyo wa asilimia 3 hadi 5, unene mm 0.5 hadi 0.8, kausha polepole hadi 80 kisha 120°C. Gundi ikizidi inatoa gesi na kulipua poda kando. Kioo cha maji msikitumie kwenye titani. Kinaleta sodiamu na silikoni ambazo hukuzipanga.

Agoni: iwe na usafi wa 99.999. Katikati ya pua lita 10 hadi 15 kwa dakika, ya kubeba poda lita 3 hadi 6. Lakini hiyo haitoshi! Mshono unabaki moto nyuma ya leza, na titani inaendelea kunywa oksijeni hadi ishuke chini ya 400°C hivi. Weka kiatu cha gesi kinachofuata nyuma ya pua, kama sentimita 10 urefu, chenye bamba la vitundu ili agoni ishuke kwa upole kama umande, isivume. Ikivuma inavuta hewa ya pembeni. Bora zaidi ni sanduku lililofungwa, oksijeni chini ya sehemu 50 kwa milioni.

Rangi ya mshono ndiyo mita yako ya bure:
- fedha inayong'aa: endelea;
- manjano ya majani makavu: inakubalika, rekebisha gesi;
- zambarau na buluu: simama, sababu ipo;
- kijivu kisicho na mng'ao, au unga mweupe: saga uitoe yote, usipitishe tabaka la pili juu yake.

Hilo la mwisho watu hulipuuza. Tabaka la pili halifuti oksijeni, linaizika.

#7 MwanaKwale

Uzi mzuri sana wakuu, nafuatilia kutoka Pwani ya Kenya. Niongeze dokezo kwa wasomaji wa huku: lile gamba linaloota juu ya titani ikipata moto ni rutaili, TiO2. Ni madini yale yale ambayo mgodi wa Kwale ulisafirisha pamoja na ilmenaiti hadi uchimbaji ulipokoma mwishoni mwa 2024. Yaani metali inarudi kuwa mchanga ilikotoka.

Swali langu: je, tabaka hili la TiC na TiB linakinga moto pia? Kipuri changu kinakaa kwenye gesi ya 650 hadi 700°C, hakisuguani sana.

#8 BintiMetali

Kaka MwanaKwale, hapana, na umeuliza wakati mwafaka kabla mtu hajaungua.

TiC hewani inaanza kuoksidika mapema, na kwenye joto lako inageuka kuwa rutaili ile ile na gesi ya kaboni inayoondoka ikiacha vinyweleo. TiN (nitridi ya titani) hali kadhalika. Boridi ina afadhali kidogo kwa sababu B2O3, oksidi ya boroni, inayeyuka 450°C na kutanda kama kioo kinachoziba, lakini kioo hicho kinavuta unyevu na hakitoshi peke yake. Ugumu na ukinzani wa moto ni mambo mawili, poda zake ni mbili.

Kwa moto unatafuta gamba linalokua polepole na kushikamana. Yapo mawili: alumina na silika.

Alumina. Usidanganyike kwamba kuongeza alumini kidogo kunatosha. Ti3Al na TiAl hewani hazitoi alumina tupu. Zinatoa mchanganyiko wa rutaili na alumina, na oksijeni inapita kwenye rutaili. TiAl3 ndiyo inayotanda alumina kamili, na hiyo ni karibu asilimia 63 ya alumini kwa uzito. Shida ni mbili: TiAl3 inavunjika kirahisi, na metali mama ikiingia kwa wingi inakushusha kutoka TiAl3 hadi TiAl bila wewe kujua. Ulianza na mapishi sahihi, umepakua chakula kingine. Niobi asilimia chache inasaidia TiAl isioksidike haraka, na kwa wengi ndiyo njia ya kati: tabaka la TiAl lenye niobi, lisilopasuka, kuliko TiAl3 yenye nyufa.

Silika. Silikoni na titani zinazaa Ti5Si3, ngumu karibu Vickers 1000 na inavumilia moto vizuri. Changanya poda ya titani na silikoni asilimia 10 hadi 15 na alumini kiasi, unapata sindano za Ti5Si3 ndani ya msingi wenye alumini. Kwa 700°C na msuguano mdogo ningeanza hapa.

Tahadhari ya alumini: inayeyuka 660°C wakati titani bado jiwe, na leza ikizidi inatoka kama mvuke. Ukiona moshi mweupe mwingi na vumbi la kijivu kwenye kioo cha kinga, hiyo ni alumini yako inaondoka. Shusha wati kabla ya kupandisha poda.

Ufa mmoja unaofika chini unatosha kuharibu kinga yote. Oksijeni inapenya hapo, inaenea pembeni chini ya tabaka, na tabaka zima linainuka kama ngozi ya muhogo uliochemshwa. Kwa kusuguana ufa mwembamba unaweza kuvumilika. Kwa moto hauvumiliki.

#9 Tanuri

Nimeelewa kuhusu nikeli, nashukuru dada. Na ile njia ya kupuliza nitrojeni badala ya poda? Nasikia ni nafuu.

#10 Fuawe

Ni nafuu kweli, hauhitaji kilisha poda. Unayeyusha uso huku nitrojeni ikiingia kwenye dimbwi, TiN inaganda kwanza kama matawi, uso unatoka na rangi ya dhahabu. Ugumu wa juu unaweza kuvuka 1000 kwa urahisi.

Kosa ni kutumia nitrojeni tupu. Uso unatoka wa dhahabu tele, na ukiupaka rangi ya kupenya unaona nyufa zimepita mshono kwa mkato, kila milimita chache. Changanya na agoni: anza nitrojeni asilimia 40, panda hadi 60 kwa uangalifu, na upashe kipuri joto 300 hadi 400°C kwanza, ndani ya agoni. Unapunguza ugumu kidogo unapata tabaka zima. Uso nao unatoka na mawimbi, kwa hiyo kusaga kupo pale pale. Na kama alivyosema BintiMetali, usiipeleke kwenye moto mkali.

#11 Karakana_Ndogo

Wakuu samahani, mimi nina leza ya kuchomelea ya mkononi ya 1.5 kW, hizi zilizoenea sasa. Naweza kupaka poda kabla kisha nipitishe kwa mkono?

#12 Msasa

Mkuu, kwa titani usifanye hivyo kwa mkono. Mkono hauwezi kushika mm 8 kwa sekunde bila kutetereka, na pale unapopunguza mwendo dimbwi linazama na kuchukua metali mama maradufu. Bomba lake la gesi linakinga doa tu, mkia wa moto unabaki wazi. Na poda ya titani ikipulizwa na gesi hewani mbele ya leza inawaka.

Kichwa hicho ukikifunga kwenye meza ya CNC (inayoendeshwa na kompyuta), ukazima mtikisiko wake wa pembeni au ukaujua upana wake, ukatengeneza sanduku la agoni lenye mfuniko, unaweza kuanza na poda iliyopakwa. Miwani iwe ya mawimbi ya 1070 yenye kiwango cha kuzuia 7 au zaidi. Mwale huo hauonekani na unaakisiwa na uso wa titani uliosafishwa hadi kona usiyoitarajia.

Moto wa poda hauzimwi kwa maji wala kaboni dayoksaidi. Titani inaungua hata ndani ya nitrojeni. Weka mchanga mkavu kabisa au kizimamoto cha daraja D karibu, unganisha vyombo vya poda na ardhi ili umeme tuli usiruke, na kifyonza vumbi cha titani kisichangiwe na gurudumu linalorusha cheche za chuma.

#13 Kokotoa

Kusoma makosa baada ya kukata kipande:

Nyufa za kukatiza mshono, zimepangana kwa umbali unaolingana: ni mkazo wa kupoa. Pasha joto 300 hadi 400°C, punguza chembe ngumu, funika kipuri kipoe taratibu. Nyufa hizi unazisikia: mlio mdogo mkavu, tik, wakati kipuri kinapoa, mara nyingine hata baada ya saa nzima. Usikague mapema ukasema kimepona.

Ufa unaofuata mpaka wa tabaka na metali mama: ni kemia, si joto. Kuna kitu dhaifu kimezaliwa hapo, tazama kilichomo kwenye poda.

Vitundu vya mviringo: gesi, unyevu, gundi. Vitundu vyenye kona, vimejipanga kati ya mishono: nishati haikutosha au umesogeza mbali.

TiC ina lugha yake chini ya hadubini. Iliyoyeyuka ikaganda upya ina matawi. Isiyoyeyuka ina kona kali kama kokoto iliyovunjwa. Nusu kwa nusu ni hali nzuri. Ikiwa yote ni matawi, umepika kupita kiasi. Ikiwa yote ni kokoto, chembe zimekaa tu na zitang'oka.

Kuonyesha muundo tunatumia dawa ya Kroll: ml 2 za asidi ya haidrofloriki, ml 6 za asidi ya nitriki, ml 100 za maji yaliyotoneshwa, sekunde 10 hadi 20. Asidi ya haidrofloriki inapenya ngozi hadi mfupa na maumivu yanaweza kuchelewa. Jeli ya kalsiamu glukonati iwe mezani kabla chupa haijafunguliwa, na ikigusa ngozi suuza kwa maji, paka jeli, nenda hospitali hapo hapo.

Ugumu upimwe kwa mstari, mzigo wa gramu 300, sekunde 15, kila mm 0.1 kuanzia juu hadi uvuke eneo lililoathiriwa na joto. Mstari unaoshuka ghafla kutoka 900 hadi 350 ndani ya hatua moja unakuonya pa kubandukia.

#14 BintiMetali

Na jaribio la kulika, tusiishie kwenye ugumu. Tufe la kabidi ya tangsteni la mm 6, mzigo wa N 10, mita 1000, kavu. Pima ujazo uliopotea, gawanya kwa mzigo mara umbali. Milimita 0.5 za ujazo gawanya kwa 10 × 1000 ni 5 × 10⁻⁵. Fanya jaribio hilo hilo kwenye Ti-6Al-4V tupu siku hiyo hiyo, mashine hiyo hiyo, ndipo ulinganishe. Na tufe lenyewe lipimwe! Tabaka lisilolika lakini linamaliza mwenzake halijatatua kitu, limehamisha gharama.

Kwa moto: kipande kidogo kilichopakwa pande zote sita, tanuri 700°C, kipime uzito kila baada ya saa 10 au 20 kwa mizani ya sehemu ya kumi ya miligramu, pamoja na magamba yaliyodondoka kwenye kibakuli. Upande mmoja ukibaki wazi, unapima metali mama na si tabaka.

Jambo la mwisho kutoka kwangu, na nalisisitiza: tabaka gumu linapunguza uwezo wa kipuri kuvumilia mzigo unaojirudia, kwa sababu ufa wa kwanza unapata pa kuanzia. Bomba la kuzuia uchakavu, kiti cha vali, sawa. Kipuri kinachobeba uhai kwa mzigo wa kujirudia, kama mkono wa injini au kiungo cha ndege, kisipakwe bila jaribio la uchovu la kipuri chenyewe.

#15 Tanuri

Mkuu Fuawe, bado moja. Baada ya kupaka, nafikaje kwenye kipimo cha mwisho?

#16 Fuawe

Kwanza ondoa mkazo: 595°C kwa saa 2 ndani ya ombwe au agoni safi, ipoe humo humo. Usiiweke kwenye tanuri la hewa, utaipa ngozi ya kioo tuliyoisema mwanzo.

Kisha kagua kwa rangi ya kupenya. Kama ni safi, saga kwa gurudumu la almasi. Kisu cha kawaida hakigusi tabaka hili. Acha ziada ya mm 0.2 hadi 0.3 ya kusaga, ikipimwa kwenye bonde kati ya mishono, si kwenye mgongo. Kwa mfano wa Kokotoa, mshono wa 0.8 unakuachia karibu 0.5 iliyo bapa. Kata mm 0.01 kwa kila mpito, maji ya kupozea yawe mengi. Ukiona rangi ya buluu nyuma ya gurudumu, jiwe limeziba: linoe upya kabla hujaendelea, maana joto hilo ndilo linalofungua nyufa ambazo leza haikuzileta. Ukimaliza rudia rangi ya kupenya mara ya pili, baada ya kusaga, kwenye uso ule ule.